Ubeti Nilioutunza Bila Kuujua

Ndiyo, ni mie. Yule binti wa dera la njano aliyempasha mama mkwe wake mtarajiwa mbele ya ukumbi mzima pale Mtoni, wiki ileile ambayo nyumbani tulikuwa tunasubiri mahari, ni mie Salma, na kama ulikuwepo ukapiga kigelegele basi nimeshakusamehe, maana hata mie ningekuwa nimekaa viti vya nyuma ningepiga.

Na chanzo chake, wallahi, ni kukataa kununua flashi moja.

Kwanza mumjue Bi Nunu, mwimbaji wetu wa taarabu. Mama yangu akifua alikuwa anamweka, akipika anamweka, nami nikakua nikidhani kila nyumba ina sauti hiyo ndani ya kuta, kama umeme. Sasa miaka hii ya karibuni Bi Nunu hatungi sana, anakusanya. Alitoa mkusanyiko wa nyimbo zake bora, tukanunua. Akatoa wa pili, nyimbo zilezile zimepangwa upya, tukanunua. Wa tatu kilichokuwa kipya ni picha ya jalada (kilemba cha dhahabu, kizuri kweli), tukanunua. Alipotangaza wa nne, kwenye flashi yenye sura yake, ikaanza kuuzwa hata kabla ya uzinduzi, kundi letu la mashabiki kwenye simu likapasuka katikati.

Shoga yangu Tatu, ambaye angenunua hata kikohozi cha Bi Nunu kingerekodiwa, akasema, "Safari hii karekodi upya, Salma. Nunua kwanza ndiyo useme."

Mie nikabonyeza nikatuma sauti, kwa madaha ya mtu anayeandika riwaya na kudhani anajua uzito wa kila neno: "Jamani, nyimbo hizi nazijua kuliko jina la babu yangu. Anayenunua kitu kimoja mara nne huyo si shabiki, huyo akili kaazimisha watu!"

Nikachekewa, nikajisikia. Sikununua.

Uzinduzi ulikuwa Jumapili alasiri, na hapo ndipo nilipopata wazo (mnaona, mawazo yangu huja nikiwa nimejisikia). Mchumba wangu Habibu ni fundi wa madirisha ya aluminiamu, karakana yake iko kando ya Barabara ya Kilwa, na mama yake humpelekea chakula cha mchana kila siku kwenye hotpoti, mwenyewe, kwa miguu, juani, na ole wake asiyemaliza. Mtoni nzima inajua hotpoti ile. Mama Habibu hakuwa ananichukia, ila tangu posa nikimwamkia shikamoo alikuwa anaitikia "marahaba" huku anaangalia viatu vyangu, kama anayesubiri viondoke. Nami nilitaka anipende. Nililitaka jambo hilo mpaka usingizi ulikuwa haukai.

Sasa Bi Nunu ana ule wimbo wa johari, na ubeti wake wa tatu unasema: "Mama mzaa johari, kwa adabu napokea." Nikajisemea, ukifika ubeti huo nitanyanyuka na noti yangu, nimzunguke Mama Habibu kwenye kiti chake, nimwoneshe kidole, kisha nikamtunze Bi Nunu. Kwa taarabu hiyo ndiyo barua yenyewe: ukimtunza mwimbaji huku unamwonesha mtu, maneno yanayoimbwa yanakuwa yako, na huyo mtu ndiye uliyemtumia.

Ukumbini sikutulia. Nilibadilisha kiti, nikaenda kunywa maji, nikarudi, nikaenda tena, mguu unatikisika chini ya dera kama una mashine. Mama Habibu alikaa mstari wa pili, kajifunga mtandio wa zambarau, kapendeza. Vinanda vikaingia. Ubeti wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa. Nikanyanyuka.

Nilimzunguka kwa mwendo wa maringo, noti hewani, kidole kimemwelekea, tabasamu sikio hadi sikio, na Bi Nunu aliponiona akanyanyua sauti:

"Ziwa umeshamwachisha, wamnyonyesha kwa nini? Fungua mbeleko mama, mwache mwana aje ndani!"

Ukumbi ulilipuka. Mie, Mungu anisamehe, nilikuwa nasikiliza ubeti uliokuwa kichwani mwangu na si ule uliokuwa kinywani mwa Bi Nunu, kwa hiyo zile kelele nikadhani ni za kunipongeza, nikaongeza mauno kidogo. Nilishaiweka noti mkononi mwake ndipo neno "mbeleko" liliponifikia, likapanda taratibu kutoka miguuni hadi kwenye nywele.

Na mwimbaji akitunzwa anafanyaje? Anarudia. Akaurudia, safari hii akiwa amemkazia macho Mama Habibu. Nikachanganyikiwa, nikatoa noti nyingine nimsogelee nimwambie abadilishe, "Bi Nunu, tafadhali, siyo huo!" lakini kwenye kelele zile nani anasikia, yeye kaona noti ya pili, akajua binti ana hasira kweli, akaniunga mkono kwa moyo wote! Wanawake wakapanda juu ya viti. Mmoja akapiga yowe, "Hotpoti hiyooo!" na hapo nikajua nimekwisha.

Mama Habibu alinyanyuka pole pole, akakunjua mtandio wake, akanisogelea sikioni.

"Ahsante, mwanangu. Ujumbe umefika."

Akatoka.

Jioni Habibu akanipigia. "Salma, umefanya nini? Mama kafungia hotpoti kabatini. Anasema Ijumaa mahari haiendi, na wazee keshawaambia."

"Habibu, mie sikuujua ule ubeti!"

"Wewe? Wewe usiyeacha kuimba hata ukipiga mswaki?"

Nilizunguka chumbani mpaka mama yangu akaniambia nitatoboa sakafu.

Asubuhi nikaenda na Tatu kwa Mama Habibu, kwa sababu shahidi pekee wa usafi wangu alikuwa ile sauti niliyotuma, nayo mie nilikuwa nimeshaifuta kwa aibu, imebaki kwa Tatu. Tulimkuta barazani anachambua mchele. Hakutukaribisha kukaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kunipa ubeti wa nne?"

"Mama, wallahi ule ubeti sikuwahi kuusikia, kumbe kaubadilisha kwenye flashi mpya. Sikuinunua flashi. Tatu, mwekee."

Tatu akaniangalia kwa huruma. "Una uhakika, shoga?"

"Mwekee!"

Sauti yangu ikajaa barazani, yenye madaha yake yote, mpaka kule mwisho: *huyo akili kaazimisha watu.* Na macho yangu yakapita mlangoni, yakaingia sebuleni, yakatua kwenye redio. Flashi ilikuwa imechomekwa. Sura ya Bi Nunu inanitazama. Na juu ya kabati, imepangwa kwa heshima, kumbe na ile mikusanyiko mitatu ya kwanza.

Mama Habibu aliacha kuchambua.

"Kwa hiyo hukunipasha."

"Sikukupasha, mama."

"Uliniita tu sina akili."

Nilitamani mchele ule unimeze. Ila mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe mama wa watu anacheka, anacheka mpaka ungo unamwagika, na Tatu naye msaliti kaungana naye.

"Ingia," akasema, akijifuta macho. "Utaisikiliza yote, mwanzo mwisho, na huo ubeti wangu utaurudia mpaka uujue. Halafu hotpoti ya leo utaibeba wewe."

Niliibeba, kwa miguu, juani, mafundi wote wakishangilia, na Ijumaa wazee walikuja.

Kwa hiyo mkiniuliza kama mkusanyiko wa nyimbo zilezile unafaa kununuliwa, nunueni, ndugu zangu, nunueni hata kwa hofu tu, nami nimeapa sitamtunza tena mwimbaji kwa maneno niliyoyasikia zamani. Bi Nunu keshatangaza wa tano. Mama Habibu kaagiza flashi mbili, moja yangu, na amesema siku ya uzinduzi tutakaa pamoja, mkono wangu kaushika yeye.