Neno Moja la Kibemba

Naikumbuka siku ya kupiga kura, mwanangu, hapa Tunduma, nikiwa kijana mwenye haya hata chai nikiiagiza kwa kunong'ona. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini Kibemba cha sokoni nilikijua, maana niliwauzia Wazambia mchele.

Gari lenye namba za ubalozi lilisimama karibu na kituo cha kura, dereva akiuliza njia ya mpakani. Kwenye kiti cha nyuma alikaa mwanadiplomasia wa Zambia, amepakata mfuko uliofungwa kwa lakiri. Akamwambia dereva jambo, nami nikanasa neno moja: amakalata.

"Amesema karatasi," nikawaambia vijana wa bodaboda.

Ulimi hauna mfupa. Mara karatasi zikawa kura za wizi. Pikipiki zikalizingira gari, mmoja akaokota jiwe. Sikuwahi kusikilizwa hivyo maishani, na sikufichi, nilifurahi.

Ndipo akaja Mama Tusekile, mgambo wa kata yetu, na kirungu ambacho hakukiinua. Akaegemeza mgongo kwenye mlango wa gari.

"Afungue mfuko tuone," akadai mwenye jiwe.

"Mfuko wa ubalozi haufunguliwi, hata na mkuu wa polisi. Na mgeni huyu akichubuka, hutajibu wewe, baba. Itajibu Tanzania."

"Na wizi wa kura je, mama?"

"Una mshitaki wake serikalini. Wewe umeajiriwa lini?"

Watu wakacheka. Jiwe likawekwa chini. Polisi walipofika kulisindikiza gari mpakani, Mama Tusekile akauliza nani aliyeziona hizo kura. Wote wakanigeukia.

"Twende kituo cha polisi ukaandike," akasema. "Ulichoona, si ulichodhani."

Niliandika herufi moja moja, naye akakaa kwenye benchi bila kunihimiza. Nilipofika kwenye neno "niliona", kalamu ikagoma.

"Mama," nikasema, "amakalata ni barua pia."

"Mwenye Kibemba ni wewe."

Nikaandika: Nilisikia barua. Kura sikuona. Akasoma, akaniambia mwandiko wangu ni mzuri. Angeweza kuniaibisha mbele ya wenzangu, wala hakufanya. Mpaka leo sijaona ushujaa wa utulivu kama ule.

Mwanangu, mgeni aliyetumwa na nchi yake huwa amana ya nchi yetu, na siku ile nchi yetu ilikuwa mgongo wa mama mmoja. Ukiona kosa la uchaguzi usilifumbie macho, lakini lifikishe kwa mwenye mamlaka ya kushtaki, naye aamue. Ukilisikia nusu, liulize kwanza, kwani maji yakimwagika hayazoleki.

Mungu akujalie ulimi mzito wa kushutumu na mgongo mgumu wa kumkinga mtu, nawe uishi miaka mingi ukiaminiwa.