Maji ya Majimoto Kwenye Betri

Jumanne, tarehe 14 Septemba 1993. Upepo tangu alfajiri, vumbi, Ziwa Rukwa lina rangi ya chai ya maziwa. Daftari langu linaishia hapo. Habari ya betri sikuiandika siku ile. Naiandika sasa, na nikikosea mahali, ni kwa kusahau.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa anafunga betri mbili na chaja ndani ya boti lake. Alichoka kubeba betri kwa baiskeli mpaka mashine ya kusaga ya Majimoto kuzichaji. Sasa chaja ingekaa botini, waya utoke kwenye jenereta ya mwaloni, ufukweni tunakopakulia samaki. Taa ya mbele ndiyo ilimwonyesha viboko kwenye matete akirudi na samaki. Mwezi uliotangulia jirani yetu alirudi bila taa. Boti lake liliokotwa vipande.

Kazi yangu ilikuwa ndogo: kununua maji ya betri. Nilinunua, chupa ikapasuka njiani, nikaona aibu kurudi mikono mitupu. Fundi wa mashine ya kusaga alishatuambia, yakikosekana, tumieni maji yaliyochemshwa. Basi nikachota kwenye chemchemi ya moto ya Majimoto, nikijiambia haya Mungu ameshayachemsha. Nikajaza seli zote.

Saa nane tukawasha jenereta. Betri moja ikatokota, ikatoa povu, ikanuka mayai viza.

"Nimekosea waya," shemeji akasema. "Mimi huyu. Kichwa kama cha kambale."

Akafungua kila nati, akafunga upya. Kwa haki, nati moja kweli ilikuwa imelegea. Mimi nilishika spana nikanyamaza. Taa ikawaka, lakini njano, kama jicho la mgonjwa.

"Itanitosha," akasema. Nyavu zake zilikuwa majini tangu jana yake.

Saa kumi na moja alisukuma boti mpaka maji yakamfika magotini. Ndipo nikasema.

"Shemeji, maji ya betri siyo ya dukani. Ni ya Majimoto."

Akasimama. "Uliyaonja?"

"Niliyaonja."

"Yakoje?"

"Yana chumvi kidogo."

"Umeonja, umeona chumvi, ukanitilia. Wewe ungefaa kupikia harusi, siyo betri."

Hakucheka. Alitazama matete, akashika kamba, tukalivuta boti juu. Tulijua wote kwamba nyavu zikilala siku mbili, mamba wanazipasua.

Mpaka leo sijui kama ni maji au ile nati. Yeye anasema maji. Mimi nasema pengine vyote, lakini aliyenyamaza tangu saa nane ni mimi peke yangu.

Kabla ya kula, shemeji alinimiminia maji ya kunawa.

"Haya ni ya kisimani," akasema, basi.

Tulikula ugali wa muhogo na mlenda. Samaki hakuna.