Gitaa la Baba, Maneno Yangu

Baba yangu alipiga gitaa kwenye bendi za dansi hapa Morogoro tangu ujana wake. Kiharusi kilipompata, mkono na mguu wa kulia vililegea, na maneno yakapotea. Alituelewa vizuri tu, ila akitaka maji alisema "meza", akatambua amekosea, akafumba macho kwa uchungu.

Asubuhi moja Mama alikuwa uani akimenya ndizi zilizoletwa kutoka kwao Matombo, huku akiimba wimbo aliotubembelezea tukiwa wadogo. Ghafla Baba, aliyekuwa kwenye kiti chake, akaudaka. Aliimba ubeti mzima, kila neno mahali pake.

Mama akageuka kunitazama. "Umemsikia, au ni masikio yangu?"

"Nimemsikia, Mama."

Mtaalamu wa mazoezi ya kuongea pale hospitali hakushangaa. Alisema wapo wanaoshindwa kusema lakini kuimba wanaweza. "Mtungieni nyimbo za anayoyahitaji kila siku," akatushauri.

Kazi hiyo ikaniangukia mimi. Nilikuwa nikiandika mashairi kwa miaka mingi, na nilipenda maneno mazito, yale yanayomlazimu msomaji kufungua kamusi. Sasa nilitakiwa kumtungia baba yangu wimbo wa kuomba chai.

Nilimwekea gitaa mapajani. Vidole vya kushoto bado vilikuwa vyake, akabana nyuzi. Mimi nikakaa kulia kwake nikazipiga. Nikamwimbia: "Naomba uniletee kikombe cha chai ya moto." Akaziba nyuzi kwa kiganja na kutikisa kichwa. Nikapunguza: "Niletee chai ya moto." Akatikisa tena. Mwishowe nikaimba, "Mama, chai."

Akacheka! Vidole vikahama, akaipata sauti yake, akaimba. Kutoka jikoni Mama akajibu, "Abee, inakuja!"

Tukaendelea hivyo kila jioni nikitoka kazini. Maji, uji, dirisha, maumivu, asante. Mistari mingi aliikataa, nami nikajifunza kutonuna. Nilipokuwa peke yangu na mashairi yangu, nilijikuta nikiyasoma kwa sauti na kufuta mengi.

Kisha ikaja jioni ya mvua, mawingu yameifunika milima yote ya Uluguru. Mama alikuwa amesimama tangu asubuhi, akifua na kupika. Nikaanza kupiga wimbo wa chai, lakini Baba hakuufuata. Alimtazama Mama, akatafuta maneno. Halafu akaimba taratibu, kwa sauti ileile ya wimbo wa chai:

"Mama... umechoka. Kaa."

Hayo sikumtungia mimi. Yalikuwa yake.

Mama akafuta mikono kwenye kanga, akavuta kigoda, akaketi miguuni pake. Halafu akaniambia, bila kugeuka, "Mwanangu, kaangalie maharage yasiungue."

Nikainuka nikaenda jikoni, nikakaa huko muda mrefu kuliko maharage yalivyohitaji.