Nilivyowapelekea Wazungu ngozi laini kutoka Hanang

Wakuu, shikamooni mlionizidi umri, ingawa nadhani mmebaki wawili humu. Wengine wote, marahaba.

Ninachosimulia ni kweli tupu. Mashahidi wote wameshafariki, kwa hiyo mtaniamini tu.

Kila siku naona nyuzi za "fursa". Kijana ana simu moja, kaagiza mzigo China, tayari ni mwekezaji wa kimataifa. Hongereni sana. Mimi nilikuwa wa kimataifa nikiwa na miaka kumi na tisa, enzi za Mwingereza, na ofisi yangu ilikuwa gunia la chumvi pale Dongobesh.

Mzee wangu alikuwa na duka. Tulinunua ngozi za ng'ombe kwa wafugaji wa Hanang, tunamuuzia tajiri mmoja wa Arusha, naye anasafirisha Ulaya. Kila mzigo tajiri alikunja pua: daraja la tatu. Ajabu, zikishapanda meli zinakuwa daraja la kwanza.

Mimi msomi, darasa la nane zima, nikaona anwani ya kiwanda cha viatu cha Ulaya kwenye gazeti kuukuu. Nikaandika barua na kusaini "Mkurugenzi". Wakajibu: leteni sampuli kumi, zikitufaa tutanunua kwenu moja kwa moja.

Mzee akasema, "Haya. Ukishindwa unarudi kupima chumvi, na habari za Ulaya nisizisikie tena humu ndani."

Nikaenda karibu na Gitting kwa Mama Gidamis, mfugaji ambaye ngozi zake hazikuwa na mpinzani.

"Shikamoo mama. Nataka ngozi kumi, nzuri kabisa. Zinaenda Ulaya."

"Marahaba. Huko atazivaa nani?"

Nikajibu kitaalamu: "Wake zao, bila shaka."

Sasa, ngozi ya biashara hukaushwa kivulini kwenye fremu mpaka iwe ngumu kama ubao. Mama huyu, ambaye kwao wanawake huvaa sketi za ngozi, yeye alielewa kwamba anamvisha mgeni. Alikuwa nazo tisa. Ya kumi akatoa ile aliyomwekea binti yake kwa sketi ya kuolewa. Akazikwangua, akazisugua kwa samli kwa mikono yake siku nyingi, zikawa laini kama blanketi.

Je, Mkurugenzi alishtuka? Alifurahi! Wenzangu wanapeleka mbao, mimi napeleka blanketi. Nyinyi siku hizi mnaita value addition.

Lori mpaka Arusha, treni, meli, kwaheri.

Nikanunua tai.

Barua ilirudi baada ya miezi mingi, kwa kile Kiingereza kinachokutukana huku kinakushukuru. Samli ilichacha njiani. Harufu iliwashinda watu wa bandarini, mzigo wote ukachomwa moto. Tena kiwanda hutaka ngozi kavu, kulainisha ni kazi yao wenyewe. Tafadhali tusijisumbue tena.

Nilienda kwa Mama Gidamis nikiwa na uongo wangu umepangwa vizuri. Nikamkuta anasugua ngozi nyingine, binti amekaa pembeni.

"Hii ni ya huyu," akasema, "lakini atangoja. Wazungu kwanza. Si walizipenda?"

Ule uongo nikauacha. Nikamwambia yote, mpaka ule moto.

Alimtazama binti yake, kisha mikono yake mwenyewe. Niliona aibu, wakuu, mpaka leo naiona.

"Wewe umesoma," akasema taratibu. "Hukuwauliza wanataka za kufanyia nini?"

Sikuwauliza. Darasa la nane zima.

Nilipima chumvi miaka minne, tai shingoni kwa amri ya mzee.

Funzo ni hilo swali la mama. Wataalamu wa fursa mnaolipisha semina, mlichukue bure. Na wewe uliyewahi kutuma mzigo bila kuuliza, jitokeze hapa chini tugawane aibu.

Binti aliolewa akiwa amevaa sketi ya ile ngozi ya pili. Nilienda, nikakaa nyuma kabisa. Mama Gidamis akanifuata, akanishika mkono, akanionyesha kwa wageni wote, waliokuwa wamesikia kwamba ngozi zake zilikwenda Ulaya.

"Huyu," akasema, "ndiye Ulaya yangu."