Chujio Jembamba na Mzee wa Turiani

Ukifika umri wangu huku mlimani, kazi yako kutwa ni kuitikia. Wabeba kabichi wanaoteremka mjini Morogoro wananiamkia, wakirudi wananiamkia tena, nami marahaba, marahaba, mpaka mdomo unachoka. Wa kumwamkia mimi alikuwa amebaki mmoja tu, na uso wake sikuwahi kuuona. Alikuwa mzee wa Turiani, fundi mstaafu wa matrekta ya miwa, mwenye leseni ya redio ya ridhaa kama mimi, ile ya kuzungumza na wenzako hewani kwa mapenzi tu. Kila siku saa moja asubuhi nilikaa mbele ya mtambo wangu, nikabonyeza kitufe cha maiki nikasema, "Shikamoo mzee." Naye angejibu, "Marahaba binti, umeamkaje?"

Binti! Nina miaka sitini na mbili, mume nimezika, watoto wako Dar na simu zao za Jumapili. Hakuna mwingine aliyebaki wa kuniita hivyo, na nisiwe mwongo, niliamka kwa ajili ya neno hilo.

Nilifanya kazi ya mitambo ya simu maisha yangu yote, na masikio yangu yana kiburi. Nilipopata redio mpya, kilichonifurahisha kuliko vyote ni chujio lake. Redio nayo huchuja, kama tunavyochuja chai. Ukipanua chujio, sauti ya mtu inapita yote, pamoja na makelele ya pembeni. Ukilibana, makelele yanabaki nje, na sauti nayo inapunguzwa. Kwa mazungumzo wengi wetu huweka upana wa kilohertz mbili na nusu hivi. Lakini jirani yangu alikuwa amefunga sola ya bei rahisi, na kidude chake cha kuchajia kikawa kinanguruma redioni kwangu tangu jua linapochomoza. Nikabana mpaka moja nukta nane. Loo, utulivu ulioje! Sauti ya mzee ilibaki kavu, kama mtu anayesemea ndani ya debe, ila kila neno nililipata.

Nikamtambia. Akanionya nisibane hivyo. Maneno nitayapata, alisema, lakini mtu mwenyewe nitamwacha nje. Mimi na mdomo wangu huu nikamjibu kwamba redio yake ya kale inafaa kutagia kuku. Akacheka kidogo, akaaga mapema.

Kesho yake nikamwamkia. Kimya. Nikarudia, kimya. Siku ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Nikajua nimemuudhi. Domo liliponza kichwa.

Sasa, kunyamazia shikamoo si jambo dogo kwetu. Hata mliogombea mpaka wa shamba, mdogo akiamkia, mkubwa huitikia, kisha ugomvi unaendelea. Anayekataa kuitikia amekufuta. Ningeweza kumpigia simu, namba yake ninayo, ingawa yangu sikuwahi kumpa. Nilijiambia sitamfuata mtu aliyekataa salamu yangu. Na kumngoja yeye aanze ilikuwa bure, kwani mkubwa haanzi kumwamkia mdogo. Siku ya nne sikubonyeza kitufe. Nilikaa tu na chai yangu, redio imewashwa, mkono mapajani. Niliumia jamani. Nilimkasirikia, nikamlilia, nikamkasirikia tena. Wiki mbili zikaisha hivyo, na kutwa nzima watu wakiniamkia njiani nilikuwa nikiitikia huku nimekasirika nao bure.

Asubuhi moja wingu zito lilifunika Uluguru, sola ya jirani haikupata jua, na ule mngurumo haukuwepo. Nikafungua chujio mpaka mwisho wake, si kwa kumtafuta mzee, bali nisikie chochote kile. Pembeni kabisa kulikuwa na kitu chembamba kinacholialia, kama kifaranga kilichopotea. Nikazungusha masafa kidogo kukifuata. Kikanenepa, kikawa sauti, ikawa yake.

"Marahaba binti," alikuwa akisema. "Najua umeniamkia, ila sauti haifiki. Mwanzo ulikuwa hunisikii, sasa hata kusema husemi. Mtambo wako umekufa kabisa. Mimi nipo."

Akanyamaza, kiasi ambacho mimi ningetumia kujibu. Kisha akanieleza habari za mvua ya kwao na mguu wake unaomsumbua, akanyamaza tena, kiasi kile kile.

Nilielewa papo hapo, fundi mzima mimi. Redio za kale zina kifundo kidogo cha kuzungusha kinachosogeza masafa ya kusikilizia peke yake, bila kugusa ya kusemea. Baadaye aliniambia kwamba siku ile ya mzaha wangu aliona haya, akachukua kitambaa akaifuta redio yake vumbi lote. Bila shaka alikigusa. Kisha akazungusha masafa mpaka akanisikia vizuri kabisa, ila tangu hapo jibu lake likawa linatoka pembeni ya masafa yangu. Chujio pana lingeninasia walau kile kilio chembamba. Langu jembamba lilimkata mzima mzima.

Nikabonyeza, nikasema, "Shikamoo mzee."

"Marahaba! Kumbe mtambo umepona?"

Nikamwambia umepona. Nilitaka kusema ukweli, kwamba mtambo haukuugua hata siku moja, kwamba ni mimi niliyemnunia kama mtoto na kumwacha azungumze peke yake.

Akauliza taratibu, "Siku zile zote, binti, ulikuwa ukiniamkia?"

"Kila siku, mzee," nikasema, na Mungu anisamehe.

"Nilijua," akasema. "Niliitikia zote."