Tumbo la Tufani na Jicho la Bi Mwanasha

Nilikuwa bado mtoto wa darasa la tatu alipoletwa mbwa nyumbani kwetu Waa, na hadi leo mtu akiniambia "imani za wazee hazimdhuru mtu," mimi humkumbuka mbwa yule, nikamwomba mtu huyo akae kitako anisikilize.

Kwetu mbwa hafugwi kwa mapenzi. Hufugwa kwa sababu nyani wamemaliza mahindi. Ami Bakari, mdogo wake baba, alimfunga kando ya banda la kuni, mbali na mlango, maana bibi alikuwa na msimamo wake kuhusu mate ya mbwa na malaika wa rehema. Kitoto chenyewe kilikuwa mbavu na miguu tu. Kilikimbiza kuku, kikakimbiza majani, kikakimbiza kivuli chake. Nikakiita Tufani.

Kazi ya kumlisha nikapewa mimi, na niligundua mapema kwamba tumbo lake halikutaka mzaha. Wali wa nazi ulimwendesha. Dagaa wakavu walimtapisha. Nikajifunza kwa kumtazama: uji mwepesi wa mahindi, wali uliopikwa ukalainika kabisa, minofu ya samaki wa kuchemsha niliyoitoa miiba mwenyewe, tena kidogo kidogo. Akawa mzima, anaruka. Kisha asubuhi moja nikamkuta amelala, anatapika povu. Akapata nafuu, akaugua tena. Sikuelewa, kwa kuwa chakula kilikuwa kilekile.

Bibi alielewa. Bi Mwanasha, jirani yetu mjane aliyekuwa akiuza mahamri, alikuwa amepita uani akamsifu Tufani kwa mbio zake, na hakusema mashallah. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, lote. Bibi akasema ni jicho la husuda. Mama akaacha kununua mahamri yake, na majirani nao wakaacha. Likafukizwa fusho la mavumba, majani makavu ya kuondoa jicho, kando ya banda, na Tufani akazidi kukonda.

Siku moja, alfajiri, nilikuwa nakwenda chuoni kusoma Kurani nikakumbuka nimesahau juzuu yangu. Niliporudi nilimkuta ami amechutama bandani na kifuu cha nazi. Ndani yake mlikuwa na pilipili kichaa zilizopondwa, na katikati ya pilipili, manyigu. Mabawa yao yalionekana. Ami alikuwa akiusukuma mchanganyiko ule kwa kijiti asiguswe na mate, na Tufani, kwa njaa yake, alikuwa anakula huku analia na mkia unatikisika. Naomba nieleweke: ami Bakari ndiye aliyekuwa mpole kuliko watu wote wa nyumba yetu. Hata sisi watoto hakuwahi kutukemea.

"Ami, unamlisha nini?"

"Dawa ya ukali, mwanangu. Mbwa mpole nyani humrarua. Usiitaje, dawa ikitajwa hupoa."

"Ndiyo inayomtapisha."

"Kinachomtapisha ni jicho. Hii ndiyo inayomshikilia asife."

Adhuhuri ile Tufani akaharisha damu. Hapo nikajua kwamba nikinyamaza, kesho tutachimba shimo. Watu walipokaa jamvini kula, nikasimama nikasema yote, pilipili na manyigu, na nikasema Bi Mwanasha hana neno. Bibi aliniuliza tangu lini mtoto akamsomea mkubwa hotuba. Baba akatazama sahani yake. Ami alieleza jinsi mbwa wake wa kwanza alivyopasuliwa tumbo na nyani mbele ya macho yake, na kwamba hatakubali tena. Nikamwambia huyu atakufa kabla nyani hajamwona. Akasema basi, ataiacha dawa mpaka Ijumaa, tuone.

Nikamnywesha Tufani maji ya wali kwa kijiko, baadaye uji, baadaye samaki. Kufika Ijumaa alikuwa anakimbiza kuku.

Nilidhani nimeshinda. Bibi alitoka uani, akamtazama, akasema, "Mmeona? Fusho limemtoa jicho." Wote wakaitikia alhamdulillahi. Nikamgeukia ami. Alikuwa ameshakitupa kile kifuu, nilimwona akikitupa, na hakukitumia tena maisha yake yote. Lakini hakufungua mdomo. Mbwa aliokolewa, na mwanamke akaachwa na jicho lake.

Tufani alilinda shamba miaka mingi, mkali wa kutosha, tumbo lake bado la uji. Siku hizi nikisimama kwenye mijadala ya chuo kikuu wenzangu huniambia nina ulimi mkali kupita kiasi. Huenda. Mimi nilijifunza mapema kwamba hoja yaweza kukubaliwa kwa vitendo na bado ikakataliwa kwa maneno, na anayelipia tofauti hiyo ni mtu ambaye hata hakuwa jamvini.

Mwaka uliofuata mama alijifungua mdogo wangu. Bi Mwanasha alikuja kutoa mkono wa heri, akabisha hodi, akaketi palepale kizingitini, uso ameuelekeza uani. Mama, kwa haya nadhani, akamwambia, "Mtazame basi mtoto, Bi."

"Nimeshamwona, mwanangu. Mungu amkuze," akasema, na macho yake hayakuondoka kwenye ua.