Eliwaza Azunguka Milima

Eliwaza alijifunza kuendesha baiskeli akiwa na miaka arobaini na mbili, umri ambao wenzake wa kwaya ya Kilutheri pale Same walikuwa wameshaanza kulalamikia magoti. Aliyemfundisha ni binti yake, Beatrice, kwenye kiwanja cha mpira. Mara ya kwanza aliangukia miiba. Siku alipoweza kwenda bila kushikwa, hakujua namna ya kusimama, akawa anakizunguka kiwanja huku akicheka, mpaka miguu ikachoka na baiskeli ikaanguka yenyewe.

Kicheko kile hakikumtoka tena. Alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache, lakini akishika usukani kwenye mteremko alicheka kama mtoto anayetekenywa. Watu wa barabara ya Makanya walimzoea. Wakisikia kicheko kinakuja, walisogeza mbuzi wao pembeni.

Basi yakatangazwa mashindano ya kuzunguka milima ya Upare Kusini kwa siku moja: kutoka Same kwa barabara kuu hadi Makanya, Hedaru na Mkomazi, halafu nyuma ya milima kupitia Ndungu, Maore na Kisiwani, na kurudi Same. Karibu kilomita mia mbili, lami kwa vumbi. Eliwaza alimsimulia mumewe, Sefania, akitegemea wacheke kidogo na yaishe. Sefania aliweka chini kikombe cha uji, akamuuliza atakula nini njiani.

Sefania alikuwa mwashi. Aliamini kuwa hakuna kinachosimama bila msingi, na msingi wa binadamu ni makande, mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja. Miezi ile ya mazoezi, Eliwaza akipambana na upepo wa Same au akipanda mlima kuelekea Mwembe, yeye alimfuata na pikipiki ya kuazima, sufuria ya makande imefungwa nyuma kwa blanketi. Mzee mmoja wa kanisa aliuliza kwa upole kama mama atavaa suruali siku hiyo. Alivaa, na juu yake akaweka sketi fupi ya kitenge aliyoishona mwenyewe.

Alfajiri ya mashindano, vijana walijipanga na baiskeli nyepesi za kunyanyuliwa kwa mkono mmoja. Kijana wa Moshi aitwaye Edgar, ambaye wengi walisema ndiye atakayeshinda, alimwamkia Eliwaza shikamoo, akamuuliza amemsindikiza nani. Eliwaza aliitikia marahaba, akamwambia amejisindikiza mwenyewe.

Filimbi ikalia, wakaondoka. Mteremko wa kwenda Makanya ulimchukua Eliwaza, akacheka njia nzima. Karibu na Hedaru alimfikia mwanamke wa makamo anayekwenda taratibu huku akiimba wimbo wa Bikira Maria. Alikuwa Koleta, mkulima kutoka Kighare kule Ugweno.

"Dada, unacheka nini?" Koleta aliuliza.

"Sijui. Mteremko."

Koleta akatazama mbele, akauona mteremko, akaanza kucheka na yeye. Tangu hapo hawakuachana.

Nyuma ya milima hali ilibadilika. Jua liliwaka, vumbi likaingia mpaka kwenye meno. Walipofika Maore mapaja ya Eliwaza yalikaza, akashuka na kukaa chini kando ya barabara. Koleta akasimama kumsubiri. Sefania, aliyekuwa akiwafuata na pikipiki na sufuria yake kama siku za mazoezi, akawafikia, na Eliwaza akamwambia kwamba basi, yeye ameishia hapo.

Sefania aliitazama pikipiki yake, akafikiri.

"Mama Beatrice, ukitaka kupanda, panda," alisema. "Ila sufuria nitaiweka wapi?"

Alisema kwa dhati kabisa, mkono umeishika ile sufuria. Eliwaza alicheka mpaka misuli ikalegea. Akainuka, akapanda baiskeli.

Walipoipita Kisiwani hawakuamini macho yao. Waliokuwa wakiongoza wote walikuwa wamesimama, baiskeli chini, kimya. Mbele yao kundi la tembo lilikuwa linavuka barabara kutoka hifadhini, bila haraka, na jike moja lilikuwa limesimama katikati kabisa likila mti. Edgar alimwomba msimamizi wa mashindano, Bwana Asheri, kwamba njia ikifunguka waliotangulia waruhusiwe kuondoka kwanza. Asheri akajibu kwamba hawezi kuwapangia tembo ratiba. Wakishapita, wote wataondoka pamoja.

Kusubiri kukawa kurefu, njaa ikauma. Sefania akafungua sufuria. Vijana walikula kwa mikono, kwa vifuniko vya chupa, kwa namna yoyote. Edgar alirudia, akasifu, akarudia tena. Eliwaza na Koleta walionja tu, kwa sababu kila walipotazamana kicheko kiliwazidi.

Tembo wa mwisho alipoingia porini, Asheri alipuliza filimbi. Barabara ya kurudi Same inapanda, na makande si chakula cha kukimbia nacho tumboni. Vijana walianza kwa kasi, kisha mmoja mmoja wakapungua, wameshika matumbo. Edgar walimkuta kando ya barabara, ameinama juu ya usukani. Eliwaza alimpa pole ya dhati. Yeye akapunga mkono bila kuinua kichwa.

Kijana mmoja wa Hedaru aliyekataa kula ndiye aliyeshinda. Wakafuata wachache, kisha kelele zikapanda: wanawake wawili wanakuja, bega kwa bega, wamejaa vumbi mpaka kwenye kope. Hatua chache kabla ya utepe Koleta alisema, "Sasa dada, tushindane." Eliwaza alijaribu kukanyaga, lakini neno lile lilimchekesha, nguvu zikamwisha. Koleta akamshinda kwa upana wa tairi, akawa mwanamke wa kwanza. Walikumbatiana, wakaanguka pamoja na baiskeli zao, na ilibidi watu wawatenganishe na minyororo.

Asubuhi yake Eliwaza hakuweza kushuka kitandani. Sefania alimletea chai, akamweleza kuwa Edgar alifika jioni, wa mwisho, akauliza makande yale yalipikwa na nani. Eliwaza akaanza kucheka, akajishika mbavu, akamwomba anyamaze.

"Nikamwambia ni mimi," Sefania akaendelea. "Ameomba aje kujifunza kupika."